Mnaosema Marekani kila kitu kipo, nitafutieni fundi wa kukereza

Leo sina picha wala stori. Leo nina ubishi.

Nimesikia mpwa wangu anataka kwenda VETA Chang'ombe kujifunza kukereza vyuma, na kikao cha ukoo kimemkatalia. Eti hiyo ni kazi ya walioshindwa shule, asome kompyuta. Na mfano mmenitoa mimi! Mjomba yuko Marekani, kule mashine zinafanya kila kitu. Jamani, hapo nakataa.

Mnaijua Datsun 1600 yangu, ambayo huku inaitwa 510. Baba Mkubwa atakumbuka, ndiyo aina aliyoshindia Edgar Herrmann Safari Rally ya 1970. Habu zake, yaani vile vyuma ambavyo tairi linafungiwa, zina bolti 4 kwenye duara la milimita 114.3. Rimu ninazozitaka zina matundu 5, duara hilo hilo. Kwa hiyo tundu moja la zamani linabaki, manne yanatobolewa upya. Rahisi? Matundu mawili mapya yanaangukia milimita 18 tu kutoka ya zamani, kati kwa kati. Ukitoa upana wa matundu yenyewe, chuma kinachobaki ni kama milimita 5. Ukikosea kidogo usukani unatetemeka, na siku mbaya tairi linakuacha barabarani. Hii si kazi ya drili ya mkononi. Ni ya mtu anayejua kupima.

Basi nikaanza kutafuta. Fort Worth wanaunda ndege za kivita F-35. Arlington, General Motors wanaunda magari tangu 1954. Katikati ya miji hiyo sikupata wa kunitobolea matundu! Karakana za injini zinachonga silinda na kusawazisha vichwa, habu hawagusi: "ikikatika utatushtaki." Viwanda vikubwa havisimamishi mashine kwa vipande vinne. Mmoja akaniambia niweke spesa, lile bamba la kuunganisha rimu na habu. Linasukuma tairi nje na kuzielemea beringi. Nikamshukuru, nikaondoka. Mwingine akanishauri ninunue gari jipya (huyo sikumshukuru).

Nikaenda Houston, kilomita 380 na ushee. Kule mashine za kukereza ni nyingi kwa sababu ya mafuta, ila zinachonga vali na vifaa vya visima. Mwisho nikaelekezwa kwa mzee mmoja Pasadena, mstaafu, mashine yake iko gereji ya nyumbani. Nimesubiri foleni wiki saba. Alipima asubuhi nzima ndipo akatoboa. Nikamuuliza kamfundisha nani. Hakuna, wanawe wako maofisini.

Msiniambie Wamarekani hawajui. Wanajua sana. Ila huku kipuri kipya ni rahisi kuliko saa za fundi, basi watu wanatupa na kununua, na vijana wameambiwa maneno yale yale mnayomwambia mpwa wangu. Huko nyumbani hatuna uwezo wa kutupa. Hayo magari yenu ya mtumba toka Japani, pampu za maji, mashine za kusaga, nani anayaweka hai kama si mafundi wa Gerezani? Kweli wapo wanaotoboa kwa macho, hao siwatetei. Ndiyo maana nataka kijana aende darasani akajifunze kupima, asiishie kuotea.

Na kompyuta? Mashine za kisasa za kukereza zinaendeshwa kwa kompyuta, Shangazi. Atazikuta huko huko.

Ada ya mwaka wa kwanza nalipa mimi. Mama Mdogo, naomba usiifiche ile fomu. Kipimo cha vernia nimeshamnunulia, kiko mezani kwangu. Anayekuja likizo Desemba apite achukue.