Si kila ndege wa kucha ni mwewe

Kifaranga akilia tu uani, nyumba nzima hupiga kelele neno moja: mwewe! Mawe yanaokotwa, manati inatolewa, na yeyote aliye angani wakati huo ndiye mshukiwa. Nimefanya hivyo mwenyewe. Nikiwa darasa la sita nilimwangusha ndege aliyekuwa ametua kwenye waya wa stima, na nyanya akanipongeza mbele ya majirani. Miaka baadaye, nikipekua kitabu cha ndege, nilimtambua. Mgongo wa rangi ya matofali wenye madoadoa, kichwa cha kijivu. Alikuwa kestreli, kozi mdogo ambaye riziki yake ni panya, panzi na mijusi. Pengine panya waliotafuna mahindi yetu mwaka ule walinishukuru kuliko nyanya.

Msimamo wetu kwenye ukurasa huu ni kwamba kijana wa Kenya anafaa kujua kumtofautisha kozi na mwewe, na kozi mmoja na mwenzake, kabla hajagusa jiwe. Hili si somo la watalii wenye darubini za bei ghali. Utafiti uliochapishwa 2022, uliolinganisha hesabu za ndege wawindaji walioonekana kando ya barabara zetu miaka ya 1970 na za miaka ya hivi karibuni, ulionyesha kwamba wengi wao wamepungua vibaya sana. Kestreli, yule yule wangu wa waya wa stima, ni kati ya walioporomoka kwa zaidi ya asilimia 90. Sasa niambie, utamtetea vipi kiumbe usiyemjua hata jina?

Tatizo linaanzia kwenye lugha. Mwewe, kipanga, kozi: hata kamusi huyachanganya. (Na ukitaja kozi kwa vijana wa leo wanadhani unaulizia masomo ya chuo. Siyo hiyo.) Basi tukubaliane hapa. Mwewe ni yule wa hudhurungi mwenye mdomo wa manjano na mkia wenye panda, anayezunguka juu ya jaa na kichinjio akiupindapinda mkia kama usukani. Huyo ndiye anayekunyang'anya chipsi mkononi. Kipanga ana mabawa mafupi ya mviringo, mkia mrefu, na macho ya manjano au mekundu; hujificha mitini kisha akachomoka ghafla. Hao wawili ndio wezi wa kweli wa vifaranga.

Kozi ni mtu mwingine kabisa. Mabawa yake ni marefu na yamechongoka kama mundu, mkia hauna panda, na jicho ni jeusi. Chini ya jicho wengi wana mstari mweusi unaoshuka kama sharubu. Ukimpata karibu utaona pia pembe ndogo kama jino kwenye ukingo wa mdomo wa juu, anayoitumia kuvunja shingo ya windo. Halafu hajengi kiota. Hutaga kwenye genge, kwenye tundu, au kwenye kiota kilichoachwa na kunguru. Kwa hivyo ukimwona ndege amebeba vijiti mdomoni, huyo mfute kwenye orodha.

Tuje kwa wale wanaochanganya watu. Kuna kozi wawili wakubwa utakaowaona kwenye magenge kama ya Hell's Gate, Naivasha: peregrini na lana. Peregrini ndiye mwenye kasi kuliko mnyama yeyote duniani. Anapojitupa kutoka juu hupita kilomita 300 kwa saa. Kichwa chake ni cheusi kama amevaa kofia ya bodaboda, sharubu zake ni nene, na kifua chake kina michirizi ya kukingama. Lana ni mwembamba zaidi na mkia wake ni mrefu kidogo. Utosi wake una rangi ya kutu, sharubu ni nyembamba, na kifua ni cheupe kisicho na michirizi mingi. Mimi huanza na kichwa. Kofia nyeusi, peregrini. Utosi wa kutu, lana. Nikiri hapa kwamba lana naye huweza kubeba kifaranga siku moja moja. Hatumfanyi malaika. Lakini njiwa na ndege wengine wadogo ndio chakula chake cha kila siku.

Kestreli humtambua kwa kazi yake: husimama hewani, mabawa yakipigapiga, kichwa kimetulia tuli, akichungulia nyasi. Ila hapa pana mtego. Kuna ndege mwingine anayesimama hewani hivyo hivyo, mweupe na kijivu, mabega meusi na macho mekundu. Huyo ni jamaa ya mwewe, si kozi, ingawa naye hula panya na anastahili heshima yake. Angalia rangi kabla ya kushangilia.

Halafu kuna kozi kibete, wa sehemu kavu kama Samburu na Tsavo, mfupi kuliko rula yako ya shule. Jike lake lina mgongo wa kahawia nyekundu, dume mgongo wa kijivu, na huishi kwenye viota vya miiba vya ndege wengine kama mpangaji. Watu wengi humpita wakidhani ni ndege wa kawaida tu. Na yupo kozi wa Taita, mdogo mnene mwenye koo jeupe na kifua cha rangi ya kutu, aliyeandikwa kisayansi mara ya kwanza 1895 na kupewa jina la Taita yetu. Ni adimu kiasi kwamba kuna waangalizi wa ndege waliozeeka bila kumwona. Ni wanafunzi wangapi wa Wundanyi wanaojua kuna ndege duniani anayebeba jina la kwao?

Hatari sasa. Mapema 2023, mashamba ya mpunga kaunti ya Kisumu yalinyunyiziwa fenthion ili kuua kwelea. Mkulima alikuwa na haki ya kulia, maana kwelea hawana huruma. Lakini kwelea aliyelegea kwa sumu ni chakula rahisi kwa kozi, na sumu hiyo haiulizi mlaji ni nani. Hatari nyingine iko mfukoni mwako. Katika nchi za Ghuba watu hupenda kuwinda kwa kutumia kozi, na soko hilo lina pesa nyingi. Ukipata kiota cha peregrini au lana, usiweke mahali pake kwenye mtandao. Piga picha ukiwa mbali, peleka taarifa kwa mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, basi. Kwa walio Nairobi, Nature Kenya huwa na matembezi ya kuangalia ndege Jumatano asubuhi, na hakuna atakayekucheka ukisema hujui.

Kwamba watu wanaweza kubadilika, nina ushahidi wa mbali kidogo. Kozi wa Amur huzaliana Siberia na kaskazini mwa Uchina, kisha hushuka hadi kusini mwa Afrika kupitia India, akivuka Bahari ya Hindi nzima. Mwaka 2012, katika jimbo la Nagaland nchini India, ilikadiriwa kuwa zaidi ya laki moja walinaswa kwa nyavu na kuuzwa kama nyama. Mwaka uliofuata wanakijiji wale wale wakaziondoa nyavu, na baadhi ya kozi wakafungwa vifaa vya setilaiti ili safari yao ifuatwe.

Ndege hao hao hupita kwetu. Mvua za Novemba zikianza na kumbikumbi kutoka, ukiwa njiani kuelekea Voi, inua macho. Kundi la kozi wadogo wakinyakua kumbikumbi hewani, dume la kijivu cheusi, mapaja mekundu, na weupe unaomulika chini ya bawa. Jike lina madoa kifuani. Anza na miguu: kwa wote wawili ni ya rangi ya chungwa.