Mita na Futi Katika Chumba Kimoja

Nina deni la kujibu.

Likizo iliyopita wanafunzi wawili wa shule yetu, wenyeji wa Juba, walikuja kunisalimu nyumbani kwangu Munuki. Niliwaonyesha simuleta yangu, yaani chumba cha rubani kisichoruka, nilichokijenga chini ya rakuba kwa mbao za plaiwudi, kompyuta kuukuu na kiti cha matatu iliyokufa. Walikaa, wakashika usukani, wakafurahi. Kisha mmoja akauliza kwa adabu, "Kaka, lakini hii ni ndege gani hasa?"

Nilikosa jibu. Upande wa kushoto kuna kipimo cha mwendo nilichokitoa katika pikipiki ya boda boda. Upande wa kulia kuna kipimo cha kimo cha Antonov, chenye maandishi ya Kirusi, nilichokinunua kwa mwuza vyuma chakavu, nikakitoa matumbo na kukitia mota ndogo inayoamriwa na kompyuta. Katikati kuna kioo cha kompyuta nilichokifunika kwa ubao wenye matundu ya mviringo, hata kila tundu likaonekana kama saa ya kweli. Na mbele ya goti la rubani kuna tableti yenye ramani na tarakimu, kama mtindo wa ndege za siku hizi. Yule kijana akasema kwamba mwenye akili huchagua ndege moja akaiiga kwa kila kitu, na kwamba kuchanganya ni kazi ya maskini.

Umaskini sikatai. Walakini huyo Edwin Link, aliyemaliza kujenga simuleta yake huko Binghamton, Marekani, mwaka 1929, aliijenga katika kiwanda cha baba yake cha piano na vinanda, akatumia mivukuto ya vinanda kuiinamisha huku na huku. Watu waliiona ni mchezo wa watoto. Mwaka 1934, marubani wa jeshi lao walipokufa mmoja baada ya mwingine wakipeleka barua katika mawingu na theluji, jeshi lilikuja kununua sita. Na hapa kwetu Juba kijana George Mel alijulikana duniani mwaka 2015 kwa eropleni aliyoiunda uani kwao, na kiti cha rubani kilikuwa kiti cha bustani. Basi kiti changu cha matatu hakinitii haya.

Tena anga letu lenyewe limechanganyika. Mtu akisimama Thongpiny karibu na uwanja wa ndege atasikia Antonov 26 ikinguruma, na nyuma yake Cessna Caravan ikipiga kelele nyembamba. Ile ya kwanza ilibuniwa Kiev, na desturi ya huko ilikuwa kuhesabu kimo kwa mita na mwendo kwa kilometa. Ya pili ni ya Marekani, nayo huhesabu futi na noti. Nilitaka chumba changu kiwe picha ya Juba. Mpaka hapo naona nilikuwa na haki.

Kosa langu lilikuwa jingine, na ndilo ninalotaka wajenzi wengine walijue. Ninaye ndugu yangu mdogo, mtoto wa mama mdogo, ambaye nia yake ni kwenda Soroti, Uganda, katika chuo cha urubani kilichoanzishwa mwaka 1971. Kila jioni, jenereta ikikubali, alikuwa akijifunza kwangu kutua Juba katika wingu zito. Nilimzoeza kwa kipimo cha Kirusi: "Shuka mpaka 800, ndipo utulie utafute uwanja." Uwanja wetu uko kiasi cha mita 460 juu ya bahari, kwa hiyo mita 800 ni salama. Siku moja mshale ulikwama. Mtoto hakufadhaika, akageuza macho kwenye tableti kama nilivyomfundisha, akaendelea kushuka akiitafuta 800. Tableti ilihesabu futi. Ardhi ya Juba kwa futi ni kama 1,500. Aliigonga akiwa ametulia kabisa, mkono wake haukutetemeka, naye akanitazama mimi.

Alikuwa ametii. Sikulala vizuri usiku ule, ingawa hakuna aliyekwaruzwa.

Lingine ni baya kuliko hilo. Katika vyombo vya Magharibi, ndege ikilala upande, kile kipicha cha ndege hukaa kimya na mstari wa upeo ndio unaoinama, kama mtu anayechungulia dirishani. Katika vyombo vingi vya Kirusi mstari hukaa sawa na kipicha ndicho kinachoinama, kama mtu anayeitazama ndege kutoka nje. Aliyezoea kimoja, akiharakishwa na kingine, aweza kugeuza usukani upande usiofaa. Tarehe 10 Januari 2000 ndege ya Crossair ilianguka karibu na Zurich, wakafa wote 10. Tarehe 14 Septemba 2008 Boeing ya Aeroflot-Nord ilianguka Perm, wakafa 88. Katika uchunguzi wa ajali zote mbili mazoea ya upeo wa Kirusi yalitajwa, pamoja na mambo mengine. Nami nilikuwa nimeweka upeo wa Kirusi katika tundu la katikati, kwa sababu ni mzuri, na wa Magharibi katika tableti!

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Changanya mbao na plastiki, changanya saa za mviringo na vioo, usione aibu. Wanaosema saa za mviringo ni mambo ya babu sikubaliani nao, kwa maana mshale unaozunguka humwambia mtoto jinsi anavyoshuka upesi kabla hajasoma tarakimu yoyote. Lakini upeo uwe wa namna moja tu, na kipimo cha kimo kiwe cha lugha moja chumba kizima. Mwendo upande wa kushoto, upeo katikati, kimo kulia, na mwelekeo chini yake, visihamehame. Saa ya pikipiki nimeibandika karatasi na kuiandika noti kwa wino. Upeo wa Kirusi nimeufuta katika kompyuta.

Kipimo cha Antonov bado kipo, nacho ni kwa mita, nami sina kingine. Kama kuna mwanafunzi wa zamani aliye Nairobi karibu na Wilson, mwenye kipimo cha futi kilichotupwa, hata kama kioo chake kimepasuka, namwomba anitumie kwa basi. Nauli nitalipa.

Mwanafunzi wa zamani, Juba