Mvinyo wa Kifaransa: Usikusanye majina

Siku hizi kuna vijana ambao wakishika pesa kidogo wanataka kuanza stoo ya mvinyo mwekundu wa Kifaransa nyumbani. Poa sana. Shida ni kwamba wengi wanaanza na majina: Lafite, Latour, Margaux. Waulize kwa nini, watakwambia ziko daraja la kwanza.

Haya, nani aliweka hilo daraja? Mwaka 1855, kulipokuwa na maonyesho makubwa Paris, Napoleon III alitaka mvinyo wa Bordeaux upangwe. Waliopanga ni madalali, na kipimo chao kikuu kilikuwa bei. Tangu hapo, ni Mouton Rothschild pekee iliyopandishwa hadi daraja la kwanza, mwaka 1973. Nayo Pétrus, ambayo leo ni kati ya ghali zaidi duniani, haimo kabisa. Sisemi mvinyo wa daraja la kwanza ni mbaya. Nasema orodha ya madalali wa zamani isikuchagulie.

Isitoshe, majina ndiyo chambo cha matapeli. Rudy Kurniawan aliwauzia matajiri wa Marekani chupa feki mpaka akapatikana na hatia New York mwaka 2013, akafungwa miaka 10. Kati ya waliomshtukia ni Laurent Ponsot wa Burgundy. Aliona Clos Saint-Denis yenye jina la familia yake ikinadiwa kuwa ya 1945, ilhali familia hiyo ilianza kuitengeneza miaka ya themanini! Wanunuzi walikuwa na pesa, lakini walisoma lebo tu.

Kwa hivyo, kabla ya kuuliza jina, uliza: huu mvinyo unaweza kuzeeka? Kinachoubeba ni uchachu na tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi kama chai ya rangi iliyokolea. Miaka ikipita, tanini hulainika. Tafuta Cabernet Sauvignon ya Médoc, hasa chupa zilizoandikwa Cru Bourgeois, ambazo bei yake haitishi kama ya wale wakubwa. Tafuta Syrah ya kaskazini mwa Rhône. Tafuta Bandol, ambayo kisheria lazima ikae kwenye mbao angalau miezi 18. Lakini Beaujolais Nouveau, inayotoka Alhamisi ya tatu ya Novemba, usiiweke. Kunywa tu.

Tena nunua chupa sita za mvinyo mmoja, si sita tofauti za kupiga picha. Fungua moja baada ya miaka mitano, nyingine baadaye, uone inavyobadilika.

Na je, utaziweka wapi? Zinataka giza, nyuzi 12 hadi 14 zisizopandapanda, na zilazwe ili kizibo kisikauke. Juu ya friji ni kuziua. Kama huna mahali kama hapo, usikusanye kwanza. Nunua moja nzuri, ita marafiki, mmalize wikendi hii.