Faranga ya walemavu: tuulize wapi, na tupeleke karatasi gani?

Wiki hii tunaweka kando habari za sabuni na za likelemba. Tunataka kuzungumza juu ya yule mtu tuliye naye nyumbani mwenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu. Ana haki gani? Nani anapaswa kumtimizia? Na sisi tunaomtunza tupeleke karatasi gani?

Tumeamua kuandika haya sababu ya jambo lililotokea Cimpunda. Bwana mmoja alipita avenyu kwa avenyu na daftari mkononi. Aliwaambia wamama kwamba Kinshasa imetuma faranga ya walemavu, na kila mwenye mtoto mlemavu atoe faranga elfu 5 ili jina liingie kwenye listi. Wamama 27 walitoa. Mmoja wao ni dada yetu wa kikundi, mwenye binti wa miaka minane ambaye mguu wake mmoja ulilegea tangu utotoni. Alikuja mkutanoni akiwa na furaha, akatuuliza kama tunajua ni siku gani watagawa.

Tulimwuliza: ulipewa resi? Hapana. Biro yake iko wapi? Alisema atarudi. Shefu wa avenyu anamjua? Tulienda kwa shefu, akasema hamjui. Yule bwana hajarudi mpaka leo.

Hatukumcheka dada yetu, na tunawaomba msimcheke mama yeyote wa namna hiyo. Aliyetoa elfu 5 hakuwa mjinga. Alikuwa mzazi aliyechoka kubeba mtoto mgongoni kupanda mlima wa Kadutu kila asubuhi. Tapeli anajua hivyo, ndiyo maana anapita kwetu.

Basi tuseme wazi. Katika Kongo yetu hakuna faranga ya kila mwezi ambayo serkali inamgawia kila mlemavu. Kenya wana mpango unaoitwa Inua Jamii, unaozipa familia zenye mtu mwenye ulemavu mkali shilingi elfu 2 za Kenya kwa mwezi. Kwetu hakuna kitu kama hicho. Kwa hiyo anayekuja na daftari akiomba pesa ili uandikwe, mjibu kwa heshima: «Nionyeshe barua ya komine,» na usifungue kitambaa chako cha faranga.

Lakini kukosa faranga ya kila mwezi si kukosa haki zote. Milango ipo. Tuipitie mmoja mmoja.

Mlango wa kwanza ni sheria yenyewe. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inasema wazee na watu wenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Mwaka 2015 inchi yetu iliingia katika Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Na tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 2022 ilitoka sheria nambari 22/003, inayohusu wao peke yao. Sheria hii haikuwekei chakula mezani kesho asubuhi, lakini inakupa neno la kusema. Mkurugenzi wa shule akikuambia «mtoto wa namna hii hatumpokei», unaweza kumjibu kwamba sheria inamlinda mtoto huyu asibaguliwe, na kwamba shule ya msingi ya serkali ni bure kwake kama kwa wengine. Sema kwa upole, ukiwa na mama mwingine pembeni. Maneno ya wawili yanasikilizwa kuliko ya mmoja.

Mlango wa pili ni patroni, na huu ndio ambao wengi wetu hatukuujua. Kama wewe au bwana yako mna kazi ya mshahara kwa mwajiri, hata kama ni usentineli, udereva au ufagizi wa ofisi, Sheria ya Kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002 inamlazimisha mwajiri kugharimia matibabu ya mfanyakazi na ya familia yake: munganga, upasuaji, dawa, kulazwa hospitali, na kujifungua. Zaidi ya hapo, inataja miwani na vyombo vya kusaidia viungo, kama vile vyuma vya mguu au mguu wa bandia, kama munganga ameviandika. Meno ya bandia tu ndiyo yameachwa nje. Sheria ile ile inampa mama mfanyakazi majuma 14 ya likizo ya uzazi akilipwa theluthi mbili za mshahara, na mfanyakazi mgonjwa vilevile analipwa theluthi mbili wakati kazi yake imesimama kwa ajili ya ugonjwa.

Mlango wa tatu ni CNSS, ile iliyochukua nafasi ya INSS tuliyoizoea, kufuatana na sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016. Kila mwezi mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara wake, na mwajiri anaongeza asilimia 13 kutoka mfukoni mwake. Faranga hii si ya uzee tu. Mtu akiumia kazini au akipata ugonjwa unaotokana na kazi, CNSS inahusika na matibabu yake na malipo yake. Akiwa hawezi tena kufanya kazi sababu ya ulemavu, kuna pensheni ya ulemavu, kama ametimiza muda wa michango unaotakiwa. Akifa, kuna pensheni ya mjane na ya yatima. Ni wajane wangapi katika vikundi vyetu walizika, wakalia, wakarudi sokoni Nyawera kuuza makala, bila hata siku moja kuuliza kama marehemu alikuwa na nambari ya CNSS? Mama, ile ni jasho lake, si sadaka. Wale ambao bwana zao ni wafanyakazi wa serkali, waulize kwenye CNSSAP, ambayo ndiyo ya kwao.

Mlango wa nne ni kwa sisi tusio na patroni, yaani wengi wetu: wa ndizi, wa samaki, wa kushona, wa shamba. Kwetu kuna mutualite ya afya. Hapa Kivu ya Kusini zimekuwepo tangu miaka ya 1990, nyingi zikishikwa mkono na Jimbo Kuu Katoliki la Bukavu kupitia biro yake ya kazi za afya, na tangu tarehe 8 mwezi wa 2 mwaka 2017 kuna sheria inayozisimamia. Familia inatoa mchango wa mwaka; mtu akiugua, mutualite inalipa sehemu kubwa ya fakture na wewe unaongeza sehemu ndogo. Wengine wananung'unika: «Kwa nini wananilazimisha kuandika nyumba nzima wakati mgonjwa ni mmoja?» Sababu ni rahisi. Kama kila mtu angeandika mgonjwa wake tu, kasha lingekauka kabla ya Pasaka. Wazima ndio wanaobeba wagonjwa, na kesho mzima wa leo atabebwa. Kabla ya kutoa mchango, uliza maneno manne: hospitali zipi zinapokea kadi? Tunangojea muda gani kabla ya kuanza kutibiwa? Ugonjwa wa muda mrefu kama kisukari au kifafa umo? Vyombo vya viungo vimo? Jibu liandikwe.

Wenye mimba, muulize vilevile kituo chenu mapema juu ya kujifungua bure. Mpango huo ulianzishwa Kinshasa tarehe 5 mwezi wa 9 mwaka 2023 na unaenda jimbo kwa jimbo. Usingoje uchungu ushike ndipo uulize kama kituo chako kimo.

Na yule asiye na chochote kabisa, aende kwa Affaires Sociales kwenye komine yake kuomba cheti cha kuonyesha kwamba hana uwezo. Cheti hicho hakifuti kila fakture, lakini kinamsaidia mhudumu wa jamii wa hospitali kukufungulia dosye badala ya kukuacha mlangoni. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa viungo, watu wa Bukavu wanajua Heri Kwetu. Kwa mgonjwa wa akili, SOSAME. Kwenda kuuliza si aibu.

Sasa, karatasi. Hapa ndipo wengi tunaanguka. Ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Mzazi ana siku 90 za kumwandikisha mtoto kwenye etasivili. Siku hizo zikipita, inabidi kupitia tribinali, na hapo njia inakuwa ndefu. Wako wamama wanaomficha mtoto aliyezaliwa na kilema, wanasema tungoje kwanza tuone kama ataishi. Tafadhali, usingoje. Bila karatasi hiyo mtoto si wa mfanyakazi yeyote, si wa pensheni yoyote. Ya pili ni cheti cha ndoa. Mama aliyeolewa kwa mahari tu aende na bwana yake kuiandikisha ndoa hiyo, sababu siku ya msiba wakwe watakuwa na midomo mingi kuliko wewe. Ya tatu ni karatasi ya munganga inayotaja ugonjwa na kile kinachohitajika, yenye tarehe na muhuri. Ya nne ni kontra ya kazi, karatasi za mshahara na nambari ya CNSS.

Na mama yeyote asiambiwe tena «lete kwanza ruhusa ya bwana». Tangu Sheria ya Familia ilipobadilishwa mwaka 2016, mwanamke aliyeolewa anaweza kufuatilia mambo yake na kutia sahihi yeye mwenyewe.

Turudi kwa dada yetu wa Cimpunda. Bwana yake ni sentineli, ana miaka saba kwa patroni mmoja. Tuliketi naye jioni mbili. Munganga aliandika kwamba binti anahitaji vyuma vya mguu, bei dola 120. Bwana alipeleka ordonansi kazini, akajibiwa: «Mtoto si mfanyakazi wangu.» Alirudi nyumbani kichwa chini, tayari kuacha. Tulimsaidia kuandika barua fupi: jina, tarehe ya kuanza kazi, ugonjwa wa mtoto, na neno la Sheria ya Kazi juu ya familia ya mfanyakazi. Kopi mbili, moja abaki nayo yenye muhuri wa kupokelewa. Majuma matatu yakapita kimya. Ndipo alipoandika ya pili, akisema kwamba atapeleka jambo kwa Mkaguzi wa Kazi ili awapatanishe, maana huko ndiko mambo ya namna hii yanaanzia kabla ya kufika tribinali. Siku nne baadaye aliitwa. Walilipa mara mbili, dola 60 na dola 60.

Binti sasa anatembea na vyuma vyake. Anaanguka, anasimama. Mama yake anasema mgongo wake umepata likizo.

Lakini hatutawaficha lililobaki. Bwana alipouliza CNSS, alikuta michango ya miaka miwili tu, wakati kwenye karatasi zake za mshahara alikuwa anakatwa miaka yote saba. Jambo hilo bado linafuatiliwa, na hatujui litaisha namna gani. Kinachompa nguvu ni kwamba mke wake alikuwa ameziweka zile karatasi zote ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro. Kama angewashia nazo moto wa jiko, leo angesema nini? Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa hiyo kazi ya juma hili ni ndogo. Kila mama anunue fardi moja, aweke ndani karatasi zote za nyumba yake, na kopi zake aziache kwa mtu anayemwamini, maana moto na mvua vya Bukavu tunavijua. Kila kikundi kichague wamama wawili wa kusindikiza wengine kwenye biro. Anayeenda peke yake anarudishwa haraka. Na yeyote atakayepita tena na daftari akiomba faranga za kuandika walemavu, tuambiane siku hiyo hiyo, tumpeleke kwa shefu wa avenyu akajieleze pale.

Mkutano ujao mje na fardi zenu. Tutazisoma pamoja, na mama asiyejua kusoma atakaa katikati yetu, si nyuma.