Miaka minane mgodini Geita, halafu? Kwa nini mgeni hapati ukaazi wa kudumu Tanzania

Geita. Kwa mgeni anayefanya kazi katika migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, saa huanza kuhesabu siku anapopewa kibali cha kazi. Kibali hicho hutolewa kwa miezi 24, kinahuishwa, kisha kinahuishwa tena. Jumla yake ni miaka minane, na baada ya hapo kwa kawaida safari imeisha.

Wengi huuliza swali ambalo ofisi nyingi duniani zina jibu lake tayari: mtu aliyefanya kazi kihalali, akalipa kodi na kuishi bila kesi yoyote, anafikisha lini sifa ya kuwa mkaazi wa kudumu?

Kwa Tanzania jibu ni fupi. Hafikishi, kwa sababu hadhi hiyo haipo.

Vibali vitatu, hakuna cha kudumu

Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, ina makundi matatu ya vibali vya ukaazi. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri. Daraja B ni la walioajiriwa, na hapo ndipo wanapoangukia wahandisi, wajiolojia na mafundi wa migodini. Daraja C ni la wengine, wakiwamo wanafunzi, watafiti na wamisionari.

Hakuna daraja la mtu aliyekaa muda wa kutosha hadi akahesabiwa wa hapa.

Kwa mwajiriwa, kibali cha ukaazi kinatembea na kibali cha kazi. Cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Sheria hiyo iliweka ukomo wa miaka mitano. Mwaka 2021 ukomo ukasogezwa hadi miaka minane.

Lakini kibali kimefungwa kwa kazi na kwa mwajiri, hakikufungwa kwa mtu. Kazi ikiisha, kinakosa pa kusimama. Kahama wanalijua hilo: mgodi wa Buzwagi ulipofunga uzalishaji mwaka 2021, hata mgeni ambaye bado alikuwa na miaka mkononi ilimlazimu kutafuta mwajiri mwingine na kibali kingine, au kufungasha.

Mrithi wako ndiye tiketi yako ya kuondoka

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalioni. Sheria ya 2015 inamtaka mwajiri wa mgeni awe na mpango wa urithishanaji, yaani aoneshe ni Mtanzania gani anaandaliwa kuishika nafasi ile na atakuwa tayari lini. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini za mwaka 2018 zinasisitiza hilohilo.

Maana yake, mgeni akiifanya kazi yake vizuri, anaharakisha kuondoka kwake mwenyewe. Kwingine, kila mwaka wa kazi unamsogeza mgeni karibu na ukaazi wa kudumu. Geita, kila mwaka unamsogeza karibu na uwanja wa ndege.

Serikali haikufika hapo kwa bahati mbaya. Migodi mikubwa ilipofunguliwa, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, malalamiko ya wenyeji yalikuwa ni kwamba dhahabu inatoka kwao huku nafasi za maana zikishikwa na watu kutoka nje. Kijana wa Katoro au Msalala alionekana getini kama mlinzi, si kwenye ofisi ya mhandisi.

Ndipo yakaja mafunzo ya ufundi wa migodini kupitia VETA Moshi, na mashinikizo ya sheria. Leo zaidi ya asilimia 90 ya wafanyakazi wa migodi hiyo mikubwa ni Watanzania. Ukimwambia mzazi wa Geita kwamba mgeni apewe haki ya kubaki moja kwa moja, atakuuliza kwanza: nafasi ya mwanangu iko wapi?

Ni swali halali. Ila halimhusu kila mgeni kwa namna moja.

Hesabu ya saba na moja

Kwa kuwa ukaazi wa kudumu haupo, mlango unaobaki ni uraia wa tajnisi. Chini ya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mwombaji awe ameishi nchini mfululizo kwa miezi 12 kabla ya kuomba. Tena, ndani ya miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, awe ameishi nchini jumla ya miaka isiyopungua saba. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, na awe na nia ya kuendelea kuishi hapa.

Saba na moja ni nane. Zamani, kwa ukomo wa miaka mitano, mwajiriwa wa kawaida hakuweza kuifikisha hesabu hiyo kwa kibali cha kazi peke yake. Sasa anaifikisha, lakini siku anayotimiza sharti ndiyo siku kibali kinayofika mwisho. Hana hata mwezi mmoja wa ziada wa kusubiri majibu.

Na hiyo ni kwa aliyekaa muda wote. Wataalamu wengi wa migodini hufanya kazi kwa zamu, wiki kadhaa mgodini na wiki kadhaa kwao. Kwa mtu wa namna hiyo, kuonesha miezi 12 mfululizo ni kazi ngumu.

Akifikisha yote, uamuzi ni wa Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye kisheria halazimiki kutoa sababu ya kukubali au kukataa. Akikubaliwa, aachane na uraia wake wa awali, kwa sababu Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima.

Kwa hiyo mgeni anatakiwa aruke kutoka kibali cha miezi 24 hadi kuikana nchi aliyozaliwa. Katikati hakuna ngazi.

Aliyeoa na aliyeolewa hawako sawa

Linapouma zaidi ni nyumbani. Chukua mfano wa fundi mkuu wa mitambo kutoka Ghana aliyeoa Geita mjini. Ana watoto wawili na nyumba waliyojenga kwa jina la mke wake. Mwaka wa nane umefika.

Watoto hawana shida: wamezaliwa Tanzania na mama Mtanzania, ni raia wa kuzaliwa. Kama wana uraia wa baba pia, watatakiwa kuchagua wakifika miaka 18.

Baba yao ndiye mwenye kizungumkuti. Sheria ya Uraia inampa njia maalumu mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hakutajwa humo, anarudi kwenye foleni ya kawaida ya saba na moja.

Anaweza kuomba hati ya kuishi kama mwenza. Lakini kuishi ni jambo moja na kufanya kazi ni jingine. Kazi bado inataka kibali cha Kamishna, na hesabu ya kibali ndiyo imeisha. Familia inabaki na njia mbili: baba akatafute mgodi nchi nyingine atume hela, au wote wahame.

Wasio na kibali hata kimoja

Wahandisi ni wachache. Wageni wengi zaidi wa ukanda huu hawajawahi kuiona ofisi ya Kamishna wa Kazi. Ni watu wenye asili ya Burundi, Rwanda na Kongo waliokuja kulima, kuchunga, kubeba mawe kwenye maduara na kusaga kwenye makarasha. Wengine wamezeeka hapa.

Julai 2013, akiwa Biharamulo, Rais wa wakati huo Jakaya Kikwete aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Walioondolewa hawakuwa wote wapitaji. Wapo waliokuwa wameishi miaka mingi, wameoana na Watanzania, wana mashamba na wajukuu.

Baadaye kukawa na zoezi la kuwaandikisha wahamiaji walowezi katika mikoa ya mpakani ikiwamo Kigoma, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM). Kuandikishwa kunamtoa mtu gizani, lakini hakumpi jibu la kama atazikwa hapa akiwa mwenyeji au mgeni.

Nao mlango wa machimboni umezidi kubanwa. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Watanzania. Julai 2025 Serikali ilitoa amri inayozuia wageni kufanya biashara 15, uchimbaji mdogo ukiwamo, na anayekamatwa anaweza kufutiwa kibali.

Majirani wanafanyaje?

Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2011, mgeni aliyekuwa na kibali cha kazi kwa angalau miaka saba, na kuishi nchini mfululizo miaka mitatu ya mwisho, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Mwenza wa Mkenya naye ana njia yake baada ya miaka mitatu ya ndoa, awe mume au mke. Uganda ina cheti cha ukaazi kwa aliyeishi kihalali na mfululizo kwa miaka 10.

Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, halikulimaliza suala hili. Itifaki yake inaruhusu wafanyakazi kuvuka mipaka, lakini ukaazi wa kudumu imeuacha mikononi mwa sheria za kila nchi. Ndiyo maana mhandisi wa Kitanzania anayefanya kazi Nairobi anaweza kufikia hadhi ambayo mwenzake Mkenya aliyeko Geita hawezi kuiota.

Kijana wa Kahama akienda nje

Habari hii ina upande wa pili. Mafundi waliofunzwa Geita, Bulyanhulu na Mwadui sasa wanatafutwa na migodi ya nje, na huko ndiko wanakoujua ukaazi wa kudumu.

Canada inamfungulia dirisha la kuomba aliyefanya kazi ya ujuzi nchini humo kwa mwaka mmoja. Australia, tangu mwishoni mwa 2023, mwajiri anaweza kumwombea mfanyakazi aliyemdhamini baada ya miaka miwili badala ya mitatu. Aliyekwenda Oman atakuta hali inayofanana na ya kwao: kazi ikiisha, ukaazi unaisha.

Hapa kuna kosa ambalo watu hulifanya na baadaye kujuta. Kadi ya ukaazi wa kudumu haimvui Mtanzania uraia wake. Pasipoti ya nchi nyingine ndiyo inayomvua. Mwenye kadi ya Canada anaweza kubaki Mtanzania maisha yake yote, mradi aishi Canada siku 730 katika kila miaka mitano ili kadi isipotee.

Aliyekwishavuka mstari na kuchukua uraia wa huko, marekebisho ya sheria ya mwaka 2025 yameleta hadhi maalumu kwa wageni wenye asili ya Tanzania, na Sheria ya Ardhi nayo ikaguswa ili waweze kumiliki ardhi.

Ngazi ya katikati inawezekana

Hadhi hiyo maalumu inaonesha jambo moja: sheria inaweza kumtambua mtu ambaye si raia lakini si mpita njia. Kwa sasa imefunguliwa kwa wenye damu ya Tanzania tu. Wenye jasho la Tanzania bado wako nje ya mlango.

Kuifungua kwao hakulazimu kumnyima kijana wa Geita kazi. Mkaazi wa kudumu anaweza kuwekewa masharti: miaka ya kutosha, kodi isiyo na shaka, ndoa au watoto wa hapa, na nafasi ya mgodini ikabaki ya mrithi wake Mtanzania. Na kwa mwanamume aliyeoa, kinachohitajika ni kipengele kimoja tu kinachomtaja mume kama kinavyomtaja mke.

Ukanda huu umewahi kumwona mgeni aliyebaki. John Williamson, mjiolojia wa Canada, aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, akaujenga mgodi, akafariki mwaka 1958 na kuzikwa palepale Mwadui. Zama zile ni za mkoloni, na hakuna aliyemhesabia miezi 24.

Fundi wa Ghana wa leo anahesabiwa. Kama yuko mwaka wa sita, asisubiri wa nane: aanze mapema kukusanya hati za kodi, mihuri ya pasipoti na cheti cha ndoa, aulize Uhamiaji kuhusu tajnisi akiwa bado na kibali mkononi. Miezi 24 ya mwisho huenda haraka, na shule ya watoto Geita haifuati kalenda ya Kamishna wa Kazi.