Panda Gari Si Nyumba

Wazee wa Uganda wakisikia neno "panda gari" wananyamaza kidogo. Ni Kiswahili chepesi, hata mtoto wa darasa la kwanza anakielewa, lakini hapa hakina maana ya safari. Miaka ya 1980, wakati wa serikali ya pili ya Obote, askari walikuwa wanazingira mtaa asubuhi na mapema, wanatoa watu ndani ya nyumba, wanawapandisha kwenye malori kwenda kuchunguzwa. Wengine hawakurudi. Serikali ile ilianguka zamani. Lakini ile akili ya lori, kwamba mtu anayesumbua macho yetu apakiwe apelekwe mbali, bado iko. Leo inatumika juu ya watu wasio na mahali pa kulala mjini.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Nakivale, zaidi upande wa Base Camp na Rubondo. Kazi yangu ni mpira, vikundi vya kuongea, na kufuatilia wale walioacha shule. Siku hizi namtafuta kijana nyumbani kwao, mama ananiambia, "Huyo ameenda Mbarara." Nikienda Mbarara namkuta kwenye baraza ya duka, viatu ameviweka chini ya kichwa ili visiibiwe. Mchana anasukuma toroli sokoni au anaokota chupa za plastiki za kuuza kwa kilo. Usiku anatafuta baraza ambayo mlinzi wake si mkali. Si mmoja, si watano. Ndiyo maana naandika.

Tuanze na majina, maana majina ndiyo yanatangulia lori. Goma na Bukavu tulizoea kuwaita maibobo. Kinshasa wanaitwa shege, Nairobi chokoraa, Kampala bayaye. Kila mji wetu umetafuta neno lake la kumfanya mtoto aonekane aina nyingine ya kiumbe. Ukishamwita maibobo, huna haja tena ya kuuliza papa wake ni nani, shule aliacha darasa la ngapi, jana alikula nini.

Mimi nauliza alikula nini. Tangu Julai 2023, WFP iligawanya wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu. Wengine walipata kidogo, wengine kidogo zaidi, kundi la tatu hawakupata kitu. Halafu Mei 2025, pesa za wafadhili zilipokatika, watu karibu milioni moja waliondolewa kwenye orodha ya chakula, wakabaki 663,000 tu nchi nzima. Mwaka huohuo vita ilichukua Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, na watu wakaendelea kuvuka mpaka kuja huku. Kwa hiyo midomo iliongezeka, sahani zikapungua. Nyumba yenye watu saba haiwezi kugawana kitu ambacho hakiko. Anayeondoka kwanza ni kijana wa miaka kumi na tano au kumi na saba, maana anakula sana na anaweza kutembea. Hakufukuzwa. Alihesabu mwenyewe sahani, akaona yake ndiyo inawaminya wadogo zake.

Najua jibu linalokuja. Nimelisikia kwa watu wa mjini, na nimelisikia hapa kwetu kwenye foleni ya maji: "Hao wako na nyumba Nakivale, warudi." Hii hoja ina sura ya akili, lakini ukiigusa inavunjika. Nyumba ni turubai au udongo juu ya kiwanja ambacho siku hizi hakitoshi kulima. Kadi iko kwa jina la mkubwa wa familia. Kijana akiwa ameingia mwenyewe bila wazazi, au mama akaolewa na mtu asiyemtaka, ile "nyumba" ni ya kwenye karatasi. Tena Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatupa haki ya kutembea ndani ya Uganda na ya kufanya kazi, na nchi inasifiwa dunia nzima kwa sheria hiyo. Haiwezekani tusifiwe kwa kuwa huru kwenda mjini, halafu tukifika mjini tuonekane wahalifu kwa sababu tumefika.

Sasa tutazame miji inajibu namna gani. Mbarara ilipandishwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, pamoja na Arua, Gulu, Jinja, Fort Portal, Mbale na Masaka. Jiji jipya linaangalia jiji kubwa kama mdogo anavyoangalia kaka. Kwa hiyo swali la maana ni hili: kaka huyo, Kampala, amefanya nini?

Kampala mwaka 2019 ilipitisha sheria ndogo ya kulinda watoto. Wakati huo serikali ilikadiria watoto 15,000 wa miaka 7 mpaka 17 walikuwa wanaishi barabarani jijini humo. Sheria ilisema nini? Ukimpa mtoto wa barabarani pesa au chakula, ni kosa: faini ya shilingi 40,000 au jela mpaka miezi sita. Mtoto kuombaomba au kuchuuza, ni kosa. Kumpangisha mtoto chumba cha kufanyia biashara ndogo, ni kosa. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi nikitafuta mstari unaosema usiku ule mtoto atalala wapi. Waliotunga walieleza kwamba kuna wakubwa wanaokodisha watoto ili waombe, na hiyo ni kweli, watu wabaya wako. Lakini ukimnyima mtoto mkate ili kumkomoa tajiri wake, anayelala na njaa ni mtoto.

Na lori? Lori lilikuwapo kabla ya sheria hiyo. Mwaka 2014 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wa barabarani Uganda: kukamatwa kwa vikundi, kupigwa, kunyang'anywa pesa kidogo walizopata, kufungwa, halafu kuachiwa warudi palepale. Wengine walipelekwa kituo cha Kampiringisa, Mpigi. Watoto wa Karamoja wamerudishwa Napak kwa magari, si mara moja, na wengi wakapanda gari lingine kurudi Kampala, kwa sababu njaa iliyowatoa Napak ilikuwa bado inawangoja mlangoni. Hapo ndipo hesabu ya lori inapokataa hata kwa mtu asiye na huruma. Unalipa mafuta, posho za askari na chakula cha kituoni, halafu baada ya mwezi uko na watoto walewale, sasa wakali zaidi, na hawamwamini mtu yeyote mwenye kitambulisho shingoni. Hata mimi wananikimbia.

Kwa wakubwa, silaha ilikuwa sheria ya uzururaji. Hii si mila ya Ankole wala ya Buganda. Mzizi wake ni sheria ya Waingereza ya mwaka 1824, walipoona barabara zao zimejaa maskini na askari waliorudi vitani bila kazi. Wakaileta huku pamoja na bendera. Bendera iliondoka, sheria ikabaki. Mtu akikutwa barabarani hawezi kueleza anaishi kwa njia gani, tayari ni mkosaji. Fikiria mkimbizi asiyejua Kiingereza wala Runyankole akiulizwa swali hilo saa sita ya usiku.

Lakini mambo yamebadilika, na nataka kila kijana anayesoma gazeti letu ajue. Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Desemba 2022, Mahakama ya Katiba ya Uganda ikafuta vipande viwili vya kifungu cha 168 cha Kanuni ya Adhabu: kile cha mtu asiye na njia ya wazi ya kuishi, na kile cha mtu anayezunguka mahali kwa namna ya kutiliwa shaka. Kutokuwa na kitu mfukoni si kosa tena kwa vipande hivyo. Kifungu cha jirani yake hakikuguswa na hukumu hiyo, kwa hiyo kazi haijaisha. Lakini anayewakamata watu kwa umaskini tu, asiseme anatimiza sheria ya nchi.

Mbarara hasa inapaswa kuogopa lori kuliko jiji lingine. Oktoba 1982, viongozi wa wilaya na vijana wa chama cha UPC waliwafukuza Wanyarwanda kwenye nyumba na mashamba yao katika nchi hii ya Ankole. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaporwa. Makumi ya maelfu walikimbilia mpakani kwenda Rwanda, wengine wengi wakasukumwa ndani ya makambi, Nakivale ikiwa moja. Kati yao walikuwako raia wa Uganda. Ndiyo kusema njia hii ya kutoka mjini kuja kambini iliwahi kusafishwa kwa moto. Mtu anayesema leo "warudishwe kambini" pengine hajui maneno yake yana umri gani. Wazee wa Juru wanaweza kumwambia.

Kuna jambo lingine, halina kelele lakini linaumiza kuliko lori. Ni kuhesabu. Jedwali la wakimbizi la Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR linataja makambi moja moja, halafu linataja Kampala. Mstari wa Mbarara hauko. Kijana wangu wa barazani, kwa karatasi, yuko Nakivale anakula. Jiji linasema, "Huyo ni wa OPM." Shirika linasema, "Huyo ametoka kwenye eneo letu la kazi." Wote wawili wanasema kweli, na mvua inamnyeshea.

Haki itendeke, niseme na upande wa jiji. Mbarara haikuleta vita ya Kongo, wala haikukata chakula cha WFP. Barazani wamelala pia watoto wa Isingiro, wa Ntungamo, wa Mbarara yenyewe, na si haki mkimbizi asaidiwe mwenzake aangalie. Wenye maduka wako na haki ya kufungua mlango bila kukuta uchafu. Ninakubali yote. Ndiyo maana ninayotaka si ya mkimbizi peke yake.

Kwanza, jiji liwe na mahali pa kulala usiku. Silengi jengo la wafadhili lenye bango kubwa. Nasema ukumbi mmoja, mikeka, choo, maji, taa, na mtu wa zamu. Makanisa na misikiti ya Mbarara ina kumbi zinazolala tupu siku sita kwa wiki. Mtoto aingie kwa hiari, asubuhi atoke kwa hiari.

Pili, meza moja. Ofisa wa ustawi wa jamii wa jiji, mtu wa OPM, na kiongozi mmoja wa wakimbizi wakae siku moja kwa wiki mahali ambapo kijana anaweza kufika kwa miguu. Sheria ya Watoto ya Uganda inasema kila baraza, toka kijiji mpaka wilaya, lilinde watoto walio katika eneo lake. Haisemi watoto wenye kitambulisho cha taifa.

Tatu, mwenye umri wa kufanya kazi asaidiwe kupanga chumba. Vijana wananieleza kila siku: mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa mbele, na barua ya LC1, na LC1 anataka kitambulisho cha taifa. Kitambulisho cha mkimbizi kimetolewa na serikali ya Uganda. Jiji linaweza kuwaambia ma-LC hivyo kwa barua moja, na barua haina gharama.

Kwenu ninyi wa mashirika, ambao najua mnasoma: mnatuita kwenye semina za stadi za maisha. Tunakuja, soda tunakunywa, cheti tunachukua. Lakini kodi ya miezi mitatu ingemfaa kijana kuliko semina tatu. Na msituambie Mbarara haiko kwenye mradi. Mradi mnauandika ninyi.

Kwetu sisi wa kambini: tuache kusema "wahuni wale". Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wamekwenda kutafuta jembe lenyewe, kwa sababu hapa shamba halikuwapo. Mzazi ambaye mwanawe yuko Mbarara asione aibu kutaja jina lake kwa kiongozi wa kijiji. Tukiandika majina wenyewe, kijiji kwa kijiji, hakuna atakayetuambia hawako.

Na mkutano ujao wa uratibu ukifika, mtu mmoja ainue mkono aulize hivi: watoto wa Nakivale wanaolala nje Mbarara wako kwenye jedwali la nani? Tusipige makofi, tusifunge kwa sala, mpaka ofisi moja itaje jina lake.