TAHARIRI: Kaunti iwalipe wanaotunza mbwa wa mtaani, na ihesabu kila shilingi

Ukitoka nyumbani Kayole au Pipeline alfajiri kuwahi matatu, wa kwanza kukulaki ni mbwa koko walio kwenye jaa la taka. Akikuuma mmoja, itabidi ukimbilie sindano. Ukipuuza hadi dalili za kichaa cha mbwa zijitokeze, karibu hakuna anayepona.

Sasa, kazi ya kuwachanja mbwa hao na kuwafunga uzazi ni ya nani? Katiba ya 2010 haikuacha fumbo. Jedwali la Nne linaipa serikali ya kaunti jukumu la kudhibiti wanyama na kulinda ustawi wao, zikiwemo leseni za mbwa na vituo vya kuwatunza.

Mtaani mambo ni tofauti. Ukimwona punda amevunjika mguu barabarani, unayempigia simu mara nyingi ni shirika lisilo la faida kama KSPCA, lililoasisiwa 1910 na linalotegemea michango. Wahisani wakikaza mkono, kazi inakwama. Jukumu la kikatiba haliwezi kuendeshwa kwa harambee.

Kuna watakaouliza: hospitali hazina dawa, halafu mbwa ndio wapewe pesa? Hesabu ni rahisi. Kumchanja mbwa ni nafuu sana kuliko kumtibu mtoto aliyeumwa, ambaye huhitaji sindano kadhaa. Kuwaua mbwa kwa sumu nako hakusaidii, maana waliochanjwa hufa pia na wengine huja kuchukua nafasi yao.

Kwa hivyo, kaunti zitenge fungu na kuyalipa mashirika haya. Lakini isiwe pesa ya bwerere. Walipwe kwa kazi inayohesabika: mbwa wangapi wamechanjwa, wadi gani, lini. Kipimo tunacho tayari. Ili kuzuia ugonjwa huu kuenea, asilimia 70 ya mbwa wanafaa kuchanjwa, na Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030.

Sheria ya kusimamia pesa hizo pia ipo. Kifungu cha 229 cha Katiba kinamruhusu Mkaguzi Mkuu kukagua vitabu vya taasisi yoyote inayofadhiliwa na umma. Shirika lisilotaka kufungua vitabu lisiguse ushuru wetu, hata kama picha zake za watoto wa mbwa zinapendeza vipi mitandaoni. Kaunti nazo, zilizozoea kulimbikiza madeni, zilipe kwa wakati. Chanjo haingoji.

Vijana, kaunti yako ikiita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, usiwaachie wazee. Nenda, inua mkono, uliza swali moja tu: fungu la ustawi wa wanyama liko ukurasa gani?